Uliza Bustani: Boga kubwa na baridi isiyotaka kuondoka

Meseji za mwezi huu zimefanana mpaka nikadhani mmekaa kikao. Maboga makubwa, yale ya kubebwa na foklifti, na baridi. Wengi mmeandika kutoka Minnesota na Canada, wengine Uingereza, na mzee wetu mmoja kaandika kutoka Makete. Nimeyapanga kwa jinsi msimu unavyokwenda, yale ya kujirudia nimeyaunganisha. Nyuzi joto ni za Selsiasi, walioko Marekani nimewawekea Farenhaiti pale penye umuhimu.

SWALI: Mimi niko Brooklyn Park, Minnesota. Nilitoa miche yangu ya malenge ya Atlantic Giant nje mwisho wa Mei na tangu hapo ni mvua na baridi tu. Imesimama pale pale haikui, majani ya chini yamekuwa manjano na mengine yana kizambarau kwa mishipa. Jirani ananiambia niongeze mbolea, nimeongeza na hakuna kitu. Niyang'oe ama nifanyeje? (Mama Neema)

JIBU: Mama Neema using'oe kitu, na huo mfuko wa mbolea urudishe stoo kwanza. Chakula kipo kwenye udongo wako, shida ni kwamba mizizi iko kwenye baridi na haiwezi kukichukua. Udongo ukipoa mmea unashindwa kunyonya fosforasi hata kama imejaa humo ndani, ndo hiyo zambarau unayoiona, na vile vijidudu vya udongoni vinavyoivunja samadi mpaka ikawa naitrojeni navyo vinapunguza kazi, ndo hayo manjano. Kumwagia mbolea mmea wa hivo ni kama kumpakulia ugali mtu aliyelala fofofo. Chumvi ya hiyo mbolea inajazana tu pale kwenye mizizi, alafu siku joto likirudi majani yanaungua pembeni unabaki unajiuliza umekosea wapi.

Anza kwa kupima. Chukua kile kipimajoto cha jikoni cha kuchomeka kwenye nyama, kichomeke udongoni sentimita 10 chini, karibu na mche, saa moja asubuhi kabla jua halijapiga, na ufanye hivo siku tatu mfululizo. Ukipata chini ya nyuzi 15, yaani kama 60 za Farenhaiti, basi boga halitakwenda popote hata ulisomee dua. Joto la udongo likifika 18 na kuendelea utaona boga lenyewe linaanza kunyoosha shina. Wengi wenu mnaangalia hali ya hewa kwenye simu mnaona nyuzi 24 mnafurahi, ile ni hewa, udongo una mambo yake, mvua ya usiku mmoja inaushusha na unachukua siku kadhaa kupanda tena.

Sasa kuupasha. Watu wanapenda kutandika plastiki nyeusi, sio mbaya, lakini ile inayoonyesha, angavu kabisa, inapasha udongo zaidi kwa sababu mwanga unapita unaenda kupiga udongo wenyewe, ila magugu nayo yatafurahia kwa hiyo usiiache muda mrefu. Alafu mjengee kila mche kibanda chake: kata mabomba ya plastiki yale membamba ya maji, yapinde upinde, chomeka ncha zote mbili ardhini, funika na plastiki ya kazi, pembeni weka matofali upepo usiibebe. Ndani weka madumu ya maji yaliyopakwa rangi nyeusi, mchana yanapata joto usiku yanalitoa taratibu. Wakulima wa siku nyingi wa nchi hizi za baridi wana ujanja mwingine, zile taa ndogo za Krismasi za zamani, zenye balbu za waya zinazopata moto, wanazizungusha humo ndani usiku. Hizi mpya za LED hazitoi joto la maana usijisumbue nazo. Mwenye hela ananunua waya maalum wa kupasha udongo anaufukia kabla ya kupanda. Vyovyote utakavyochagua tumia waya wa umeme wa nje, wenye kinga ya maji, tusije tukasikia mambo mengine.

Kitu kimoja ambacho watu hawakitegemei: kibanda hicho hicho kinaua mche kwa joto. Nje nyuzi 12, jua likachomoza nusu saa tu, ndani zinafika 40. Asubuhi ukienda kazini fungua upande mmoja, ukirudi jioni funga. Kama unafanya shifti ndefu mpe mtoto kazi hiyo.

Na maji usimwagie moja kwa moja kutoka kwenye bomba, ya bomba huku mwezi wa sita bado ni baridi sana. Jaza pipa, liache juani mchana kutwa, mwagia asubuhi ya kesho yake, na mwagia kidogo. Udongo baridi wenye maji mengi unaleta kinyausi, utakuta mche umelegea pale shingoni unaanguka, huo hauponi tena.

SWALI: Kaka naomba unieleze kitu, hivi kweli haya maboga yanaweza kuota nchi za baridi au watu wana dawa zao? Niko Leeds, hata nyanya zangu hazijawahi kuiva nje, alafu naambiwa rekodi ya dunia iko hapa hapa Uingereza. (Mgeni Leeds)

JIBU: Uliyeambiwa hajakudanganya. Oktoba 2025 ndugu wawili mapacha, Ian na Stuart Paton wa Lymington kule Hampshire, walipeleka boga lao kwenye mizani Wargrave, Berkshire, likasoma kilo 1,278.8. Zaidi ya tani na robo ndugu yangu, tunda moja. Wanalimia ndani, kwenye nyumba ya plastiki, wala hawafichi.

Na ukitazama historia ya haya mashindano, sehemu kubwa ni nchi za baridi. Mwaka 1900 William Warnock wa Goderich, Ontario, alipeleka boga la pauni 400 (pauni moja ni karibu nusu kilo) kwenye maonyesho ya dunia Paris, 1904 akaenda St. Louis na la pauni 403, na hiyo rekodi ikakaa mpaka 1976, fikiria. Kisha akaja Howard Dill wa Windsor, Nova Scotia, Canada hiyo hiyo, ndiye aliyeizalisha hii Atlantic Giant, alishinda ubingwa wa dunia mara 4 mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, na maboga makubwa karibu yote unayoyaona leo yana damu ya mbegu zake. Pale Anchorage, Alaska, kuna bwana anaitwa Dale Marshall, mwaka 2019 alipima pauni 2,051 kwenye maonyesho ya jimbo lao, na maonyesho yenyewe yanafanyika mwishoni mwa Agosti, wakati wenzake wa kusini wanakuwa bado wana zaidi ya mwezi wa kukuza.

Siri ni urefu wa mchana. Jani la boga linatengeneza sukari muda wote mwanga upo. Mwezi wa sita Minneapolis wana mwanga wa saa 15 na nusu, Leeds karibu 17, Anchorage zaidi ya 19. Usiku ni mfupi na wa baridi kiasi, mmea hauchomi sana ile sukari usiku, inakwenda kwenye tunda. Kwa hiyo nchi hizo zina mwanga wa kutosha kupita kiasi, zinachokosa ni joto la mwanzoni na la mwishoni mwa msimu, na hilo ndilo watu wanalonunua kwa plastiki na umeme. Dawa za ajabu hakuna, kuna bili ya umeme.

Na hata mabingwa baridi inawagusa. Travis Gienger wa Anoka, hapo hapo Minnesota kwa akina Mama Neema, mwaka 2023 alivunja rekodi ya dunia kwa pauni 2,749, boga lake akaliita Michael Jordan eti kwa sababu limeviringa kama mpira wa kikapu. Mwaka uliofuata akashinda tena kwenye mashindano ya Half Moon Bay, California, lakini kwa pauni 2,471, na yeye mwenyewe alisema baridi na mvua nyingi za majira ya vuli zilimrudisha nyuma. Aliyemfuata alikuwa nyuma kwa pauni 6 tu. Pale wanalipa dola 9 kwa kila pauni, kwa hiyo alibeba dola 22,239, na boga lenyewe alilisafirisha kwenye trela nusu ya nchi. Ule mwaka mbaya wake ndo unaonifundisha mimi kuliko ule wa rekodi, kwa sababu mbegu ni za ukoo ule ule, mkono ni ule ule, udongo ni ule ule, kilichobadilika ni mbingu, na bado alipata tani moja na zaidi. Sisi wa bustani ya nyuma ya nyumba tusijidharau kwa mwaka mbaya.

Wewe wa Leeds tafuta hata kibanda kidogo cha plastiki, usipande nje kabla ya mwisho wa Mei, na nyanya zako weka humo humo.

SWALI: Niko Edmonton, Alberta. Maua yanatoka mengi lakini yote yanadondoka, vile viboga vidogo vinafikia ukubwa wa yai vinageuka manjano vinaoza. Nyuki siwaoni kabisa mwaka huu. Kuna dawa ya kupulizia? (Dada Rehema)

JIBU: Dada Rehema dawa ni mkono wako. Nyuki wa asali hewa ikishuka chini ya nyuzi 12 au 13 wengi wanabaki nyumbani, na ikinyesha ndo kabisa. Ua jike linafunguka asubuhi moja tu, likifunga bila chavua ya kutosha kile kiboga chini yake kinaoza, ndo unachokiona.

Fanya hivi. Jioni zunguka uangalie maua. Jike lina kiboga kidogo chini ya ua, dume limesimama kwenye kijiti kirefu kitupu. Yatakayofunguka kesho utayajua, ncha zake zimeshaanza kuonyesha njano badala ya kijani. Lile jike lifunge kwa uzi laini au livalishe kimfuko cha kitambaa, wadudu wasije wakaleta chavua ya boga la jirani. Madume yale ya kesho kata matatu manne na vijiti vyake virefu, yaweke kwenye glasi ya maji ndani ya nyumba, usiku wa baridi nje chavua inalowa na umande inagandamana, ndani asubuhi utakuta ni unga mkavu mzuri unabaki kidoleni. Saa kumi na mbili na nusu, saa moja asubuhi, toa petali zote za dume ubaki na kile kijiti cha katikati chenye unga, fungua jike, ndani utaona vipande vinne au vitano vimesimama kwa duara, paka kila kipande taratibu pande zote, dume la kwanza, la pili, la tatu, usisugue kwa nguvu. Funga tena ua kwa uzi. Andika tarehe kwenye kijiti uchomeke pale.

Alafu kama hewa ni ya baridi sana asubuhi hiyo, lifunike hilo ua hata na ndoo au karatasi ya plastiki kwa siku mbili tatu, kwa sababu chavua inatakiwa ichipue ishuke mpaka kwenye mbegu changa na kwenye baridi inashuka kwa uvivu. Likishika utaliona linang'aa na linaongezeka kila siku, lisiposhika ndani ya wiki linapauka. Usilie, nenda jike linalofuata.

Kuhusu lipi uliache, vitabu vingi vitakwambia subiri shina kuu lifike mita 3 mpaka 4 na nusu ndo uchavushe, ili nyuma yake pawe na majani ya kutosha. Mwaka wa joto sawa. Mwaka kama huu mi nasema chavusha la mita 2 na nusu pia, uliweke kama akiba, na uendelee na yanayofuata. Ikifika tarehe 10 Julai bila boga lililoshika ujue unazila siku za mwisho wa msimu, na Edmonton siku hizo huna, mwezi wa tisa jalidi, ile baridi ya kugandisha umande, inaweza ikapiga wakati wowote. Boga likiwa kwenye kasi yake linaongeza kilo 20 kwa siku kwa wale wakubwa, kwa sisi wengine hata kilo 7 au 8, kwa hiyo hesabu mwenyewe wiki mbili za kuchelewa ni kilo ngapi.

SWALI: Mume wangu anataka tuache maboga matatu kwenye mmea mmoja, anasema tukikosa moja tutapata lingine. Mimi nasema moja. Tuamulie. (Mama Twins, Rochester)

JIBU: Mwambie shemeji amepoteza kesi. Moja. Anaruhusiwa kuacha mawili kwa siku kama kumi baada ya kushika, mkayapima mzunguko kwa tepu ya fundi nguo kila jioni, lile linaloongezeka haraka linabaki, lingine linakatwa siku hiyo hiyo bila huruma. Akitaka matatu apande mimea mitatu, na kila mmoja unataka eneo la mita za mraba 50 kwenda juu, amwulize mwenye nyumba.

SWALI: Salaam. Mimi ni mstaafu, niko Makete mkoani Njombe. Mjukuu wangu yuko Canada amenionyesha picha za maboga makubwa kwenye simu na ameahidi kunitumia mbegu. Huku nako ni baridi, mwezi wa sita na wa saba asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe. Je nikipanda huku nitapata makubwa kama yao? (Mzee wa Makete)

JIBU: Shikamoo mzee wangu, tumefurahi sana kupata barua yako. Niseme ukweli, baridi ya Makete na baridi ya Canada zimekaa tofauti. Wenzetu baridi inawabana mwanzo na mwisho, katikati wana miezi mitatu ya joto na mchana mrefu ajabu. Makete mko zaidi ya mita 2,000 juu, usiku ni wa baridi karibu mwaka mzima, na mchana wenu hata Desemba unafika saa 12 na nusu na kidogo tu. Kwa hiyo boga la tani usilitarajie, hiyo ni hesabu ya jua, mkulima hana la kufanya. Lakini boga la kuwashangaza watu gulioni linawezekana kabisa.

Kipindi chako ni mvua zikianza, Novemba. Otesha mbegu ndani ya nyumba karibu na jiko mwishoni mwa Oktoba, kwenye vifuko vya udongo mchanganyiko na mboji, mbegu hii inataka udongo wa nyuzi 27 hadi 30 ili iote vizuri, pembeni ya jiko la kuni lililopoa usiku panatosha. Ganda lake ni nene, chukua tupa ya kunolea jembe uparue kidogo zile kingo mbili za pembeni, ile ncha kali usiiguse maana ndipo mzizi unapotokea. Ikiwa na majani mawili ya kweli, usihesabu yale mawili ya kwanza yanayotoka na mbegu, hamishia shambani, kwenye shimo pana lililojazwa samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Hapo una Desemba, Januari, Februari, Machi, umemaliza kabla ile baridi ya kuunguza haijaja. Adui yako mkubwa atakuwa mvua nyingi na ubwiri unga, ule weupe kama unga juu ya majani, kwa hiyo panda mbalimbali upepo upite, na mwagia au palilia asubuhi majani yapate kukauka.

Sasa kuhusu mjukuu. Mwambie asizitie tu mbegu kwenye bahasha pamoja na kadi ya salamu. Mbegu zinazoingia nchini zinatakiwa kuwa na kibali na cheti cha afya ya mimea, kwa Tanzania wanaohusika ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, kwa Kenya ni KEPHIS. Mnaweza kuona ni usumbufu kwa mbegu tano lakini magonjwa ya mimea yanasafiri hivo hivo. Na wakati unasubiri karatasi, chagua boga kubwa kuliko yote hapo kijijini, lile la mviringo lenye nyama nene, panda mbegu zake, acha tunda moja tu kwa mmea, lihudumie kama nilivyoeleza. Utashangaa mbegu ya nyumbani inafika wapi ikipewa nafasi.

SWALI: Niko Duluth. Agosti yote usiku unashuka mpaka nyuzi 8, boga langu lilikuwa linaongezeka vizuri sasa karibu limesimama. Ni chakula au ni baridi? Na nifanye nini lisipasuke? (Juma wa Ziwani)

JIBU: Ni baridi Juma, na umri pia, boga likishapita siku 60 tangu lichavushwe kasi inapungua hata kwenye joto. Lakini hapo bado kuna kilo za kuokoa.

Boga kubwa linashika joto muda mrefu sana, ni tanki la maji lile. Jua likizama livalishe blanketi, mawili matatu hata yale mazito ya kuhamia nyumba, juu yake plastiki ili mvua isilowanishe, asubuhi likipata jua toa. Kivuli chake cha mchana usikitoe, jua kali likipiga ganda moja kwa moja linakuwa gumu mapema na ganda gumu ndo linapasuka. Majani nayo funika ukisikia jalidi inakuja, shuka za zamani zinatosha, bila majani boga haliongezeki hata gramu.

Maji sasa punguza na uyatoe kwa kipimo kile kile kila siku. Kupasuka kwingi kwa mwisho wa msimu kunatokana na udongo ulioachwa ukakauka alafu ikaja mvua kubwa au mtu akafungulia bomba usiku kucha. Kama mvua kubwa inatabiriwa tandika plastiki kuzunguka shina maji yakimbilie nje. Na pale kikonyo kinaposhikana na boga, angalia kwa tochi kila siku mbili. Boga linavyonenepa linainua shina juu, mizizi iliyoshika chini inalivuta, unakuta ufa mdogo wa maji maji pale pale. Kata ile mizizi ya karibu, kama mita moja huku na mita moja huku, shina lipate ulegevu wa kunyanyuka. Ufa ukishatokea ukausha kwa feni ndogo, ukifika ndani kwenye uwazi wa mbegu basi mashindano yamekwisha, mizani za mashindano hazipokei boga lenye tundu lililoingia ndani wala lililooza. Litakuwa pambo la mlangoni.

Mbolea za maji za chupa zinazouzwa mtandaoni kwa ajili ya "kusukuma mwishoni" mi siziamini. Hiyo hela nunua blanketi.

SWALI: Mama yangu kaja kututembelea kutoka Moshi, kila siku anauliza kwa nini majani yote haya ya maboga tunayaacha, anataka kuyachuma apike na karanga. Na likishapimwa, boga lenyewe linalika? (Binti Kilimanjaro, Toronto)

JIBU: Msalimie sana mama, shikamoo yake. Swali lake ni la msingi na jibu linategemea ulichopulizia. Wengi wanaokuza haya maboga wanatumia dawa za wadudu zinazoingia ndani ya mmea zikatembea mpaka kwenye majani mapya, hizo ukiosha haziondoki. Kama umepulizia dawa ya namna hiyo hata mara moja msimu huu, mama asichume hata jani moja, na mwambie sababu vizuri asidhani unamnyima. Kama hujapulizia kitu, zile ncha za matawi ya pembeni unazotakiwa kuzikata kila wiki ili nguvu iende kwenye boga ndo mboga yenyewe, laini, amenye nyuzi aweke karanga na nazi kama atapata ya kopo. Majani ya shina kuu asiguse.

Boga lenyewe, ukweli ni kwamba halina ladha. Nyama yake ni maji na nyuzi, sukari kidogo sana, limezalishwa miaka na miaka kwa ajili ya uzito tu hakuna aliyekuwa anaonja. Kule Windsor, Nova Scotia, kwa akina Dill, kuna miaka watu waliyachonga wakayafanya mitumbwi wakashindana kupiga kasia ziwani. Wengine wanawapa ng'ombe na nguruwe. Kama mama anataka boga la futari mpandie mmea mmoja wa yale madogo matamu pembeni, mwakani.

Mbegu usitupe. Osha, kausha kivulini wiki mbili tatu, andika kwenye bahasha uzito wa boga, jina lako na mwaka, ndo wakulima wa maboga wanavyoziita, na wenye maboga ya uzito mkubwa wanaziuza mnadani, mwaka 2016 kampuni moja ya mbegu ya Uingereza ilinunua mbegu moja kwa pauni 1,250 za hela yao. Zako hazitafika huko mwaka huu, lakini boga lililojitahidi kwenye msimu wa baridi kama huu mi ningetunza mbegu zake kabla ya zile za mwaka wa joto.